Ramani Yangu Juu ya Jeneza la Mzee Zakayo

Watu wengi wakisimulia aibu zao huanza kwa kujitetea. Mimi sijitetei. Niliaibika, tena niliaibika mbele ya Nyanza Kusini nzima, kuanzia wavuvi wa Rusinga mpaka wachimba dhahabu wa Masara, nikiwa ndani ya koti la kuazima, tai imenikaba shingo, na ulimi wangu umegeuka zambarau (habari ya ulimi inakuja, subirini). Lakini jueni mapema kwamba jioni ya siku hiyo nilirudi nyumbani nikipiga mluzi juu ya baiskeli, kwa hiyo mkitaka kucheka chekeni tu, sina kinyongo.

Miaka hiyo bendera ya Uhuru ilikuwa bado mpya mlingotini. Nilikuwa na kiduka pale Homa Bay, si mbali na gati, nauza chumvi, viberiti, amerikani, na sabuni ya mche niliyoikata kwa waya vipande vidogo vidogo mpaka vidole vikaota sugu. Basi ikatangazwa kwamba kampuni moja ya sabuni ya Kisumu (jina naliacha, bado tunasalimiana) inatafuta wakala mmoja tu wa kusini yote, mwananchi, wa kupokea lori zima la sabuni na kuisambaza mpaka mpakani. Lori lao lilikuwa limewatesa. Likifika Migori, soko lilikuwa jana. Likienda kwingine, linazama kwenye udongo mweusi, dereva analala humo humo, na sabuni inarudi Kisumu ilivyotoka. Mimi niliutaka uwakala ule kuliko nilivyotaka kitu chochote tangu nimwoe Pilista, na kumpata Pilista mwenyewe haikuwa kazi ndogo, muulizeni baba yake.

Shida ilikuwa Opere. Opere alikuwa mfanyabiashara mwenzangu, duka lake linatazamana na langu, naye alikuwa na lori. Mimi nilikuwa na baiskeli. Mtu mwenye baiskeli hawezi kushindana na mwenye lori kwa magurudumu, hilo hata mtoto analijua, kwa hiyo nikakaa nikafikiri, nikasema sawa, yeye ana lori, lakini hajui lipite wapi na siku gani. Mimi nitajua. Nitaichora kusini yote, kila soko mahali pake na siku yake, halafu nimtandikie meneja wa kampuni mbele yake aone kwa macho.

Nilianza kwa kunakili ramani ya ukutani ya shule ya mwalimu Yona, rafiki yangu, lakini ramani ile ilijua milima na mito tu, haikujua soko la Jumanne ni lipi wala lori huzama wapi mvua ikinyesha. Hayo niliyatafuta kwa miguu yangu. Kila nilipopata nafasi nilifunga duka nikapanda baiskeli (nilikuwa nimefunga kipande cha bati kwenye spoku, kinagonga kila gurudumu linapozunguka, nami nahesabu umbali midomo ikicheza kama mtu anayesali rozari, watu wakaanza kusema Obiero ameokoka), nikaenda Migori, nikaenda Masara ambako wachimba dhahabu hutoka shimoni wekundu kuanzia utosini mpaka kisigino, na sijaona duniani watu wanaohitaji sabuni kuliko wale, nikaenda Kisegi, nikavuka kwa mtumbwi mpaka Rusinga nikiwa nimeikumbatia baiskeli isianguke majini. Kila soko nikalipa nukta, kila nukta rangi ya siku yake. Ziwa nikalipaka buluu ya kufulia. Barabara ya lori nikaichora nene, njia ya punda nyembamba, na penye udongo unaomeza magurudumu nikaweka vistari vya mvua. Mwisho nikachukua uzi mwekundu wa kudarizi, nikaupitisha soko hadi soko kufuata siku, kuonyesha jinsi lori moja linavyoweza kutoka Homa Bay Jumatatu limejaa na kurudi Jumamosi tupu bila kukosa soko hata moja. Nilijidunga vidole vyote. Lakini nilipousogelea ule uzi na kuufuata kwa kidole nilisikia raha ambayo siwezi kuieleza.

Sasa, yote haya niliyachora juu ya nini? Juu ya amerikani. Karatasi kubwa kiasi hicho haikuwepo, na zile ndogo nilizojaribu kuziunganisha kwa gundi ziliwaita panya. Nikachukua amerikani nzito, nikaipaka wanga wa muhogo ili wino usitambae, ikakauka ikawa ngumu. Upana wa kitambaa kimoja haukutosha, kwa hiyo nikakata vipande viwili virefu, kimoja cha upande wa ziwa na kimoja cha upande wa nchi kavu, nikachora kila kimoja peke yake maana stoo yangu haikuwa na nafasi ya kuvitandika vyote, kisha nikampa fundi wa cherehani aviunganishe kabla ya ule uzi mwekundu. Fundi yule alikuwa mtu wa mshono imara. Alikunja kingo zote mbili ndani, akapiga cherehani, akarudia, na barabara zikakutana karibu zote. Nikaipiga pasi ya makaa upande wa nyuma, nikaikunja uso ukiwa ndani, weupe mtupu nje, nikaiweka rafu ya juu kabisa kati ya vitambaa vya kuuza ili Opere akipitisha macho asione kitu. Hata Pilista sikumwambia. Pilista ni mke mwema, lakini anachota maji kisima kimoja na mke wa Opere.

Meneja alitarajiwa Jumatatu, kuja kuchagua wakala. Katikati ya wiki hiyo akafariki mzee Zakayo.

Mzee Zakayo alikuwa mzee wa kanisa wa Kodumo, kijiji kilichojificha nyuma ya kilima, kati ya Homa Bay na Migori. Wakati wetu sisi tukiwa watoto, kabla ya malori, yeye alitembea na punda wa chumvi soko hadi soko, na popote alipolala aliacha rafiki. Kwa hiyo alipofariki kusini yote ilifunga kazi. Sisi wafanyabiashara wa Homa Bay tukagawana: Opere atoe lori la kubeba waombolezaji, mimi nitoe kitambaa cheupe cha kufunika jeneza. Nilitenga amerikani ya kawaida, safi, ya kutosha, nikaiweka kwenye kaunta. Ningeiacha hapo, leo nisingekuwa na hadithi.

Asubuhi ya mazishi, Jumamosi, nikiwa nafunga kamba za viatu niende mapema kusaidia kupanga viti, Opere akapita na lori lake. Ameliosha mpaka linang'aa, amelifunga matawi mabichi mbele, na akapunguza mwendo kabisa mlangoni kwangu, akanipungia mkono kama gavana. Roho iliniuma. Nikamgeukia Pilista nikamwambia, "Acha hiyo ya kaunta. Chukua ile nzuri kuliko zote kule juu, watu wajue na sisi tuko." Nilikuwa na maana ya popelini ya Japani. Nikapanda baiskeli, nikaondoka. Pilista akapanda kigoda, akatazama rafu ya juu, na akaona kitambaa kimoja kizito, kimepigwa wanga, kimenyoshwa pasi, cheupe, kimekunjwa kwa mapenzi. Popelini ya Japani ilikuwa pembeni yake imelegea kama chapati. Mngekuwa nyinyi mngechukua ipi?

Kodumo ilijaa. Kule kwetu mazishini watu huitwa kwa mahali walikotoka, msemaji anasimama anasema watu wa Kisegi wako wapi, wanasimama, wanaonekana, wanakaa, watu wa Migori, wanasimama, na Wakuria waliotoka kule mpakani nao wakasimama na fimbo zao, na kwa ajili yao pasta alikuwa akichanganya Dholuo na Kiswahili. Nami nilisimama na watu wa Homa Bay nikiwa nimenyoosha koti. Nilikuwa najisikia vizuri, kusema kweli. Nikamwona Pilista akimkabidhi kiongozi wa akina mama wa kanisa kile kitambaa ndani ya kikapu, nikajisemea leo Opere atajua.

Ikafika wakati. Jeneza likatolewa nje, likawekwa juu ya viti viwili mbele ya watu wote. Akina mama wanne wakashika kitambaa kila mmoja pembe yake, wakarudi nyuma wakiimba, wakakinyanyua juu kikafunguka kwa upepo, wakakishusha polepole juu ya mzee.

Wimbo ulikatika katikati ya ubeti. Ziwa lote la buluu lilikuwa limelala ubavuni kwa mzee, Homa Bay kichwani, Migori miguuni, Rusinga inaning'inia pembeni, na uzi wangu mwekundu unazunguka jeneza zima. Pilista alinitazama kutoka upande wa wanawake, na sijawahi tena kuona macho makubwa namna ile.

Kwanza watu walidhani ni mapambo. Nilisikia mama mmoja nyuma yangu akisema, "Imependeza sana, imetoka Nairobi?" Nikamshukuru Mungu, nikasema labda itapita hivyo. Haikupita. Wa mbele wakaanza kusogea, shingo zikarefuka, na mwalimu Yona, ambaye akiona maandishi popote lazima ayasome kwa sauti (ndiyo ualimu huo), akaanza, "Masara... Migori... Kisegi, Alhamisi..."

"Alhamisi nani alisema?" akauliza mtu wa Kisegi. "Yetu si Alhamisi."

"Na hii ni Rusinga?" akasema mvuvi mmoja ameinama. "Mbona imekuwa kama haragwe?"

Pasta akajaribu kuanzisha wimbo mwingine, wakaimba wawili watatu. Msukumano ukazidi, mabinti wanataka kuona, wazee wanataka kuona. Mimi nilikuwa tayari narudi nyuma kinyumenyume kuelekea ghala moja nilikoegemeza baiskeli, nia yangu ikiwa kuifikia, nikakanyaga mguu wa mtu, nikageuka kuomba radhi, na ule mguu ulikuwa wa mgeni mwenye suti ya kijivu ambaye sikuwahi kumwona. Akaniuliza kwa upole kwa Kiswahili cha Bungoma, "Samahani ndugu, hapa ndipo naweza kuwapata wafanyabiashara wa Homa Bay? Nimekuta maduka yote yamefungwa, nikaambiwa watu wote wako huku. Mimi ni Wekesa, meneja wa sabuni."

Mtu ambaye nilikuwa nimemngojea kama masihi, siku mbili kabla ya wakati wake, na mimi natoroka mazishini. Nikasema, "Karibu." Na hapo hapo ndipo mama Dorka aliposimama.

Mama Dorka alikuwa mjane wa mzee Zakayo. Alisogea mpaka kwenye jeneza, watu wakampisha, akaishika ile amerikani kwa vidole viwili.

"Mwalimu, hii ni nini?"

"Ni ramani, mama," akasema Yona. "Ni nchi yetu, kusini yote."

"Yote?"

"Yote, mama."

"Basi nionyeshe kwetu."

Yona akaweka kidole Homa Bay, akashuka na barabara taratibu, akapita mto, akafika kwenye kilima, kidole kikagusa mshono, kikasimama. Akarudi juu kidogo. Akashuka tena. Uwanja mzima ulikuwa unakitazama kile kidole.

"Kodumo haiko, mama," akasema.

Mama Dorka hakupiga kelele, na afadhali angepiga. Alisema kwa sauti ya mtu anayeuliza bei, "Mtu huzikwa kwao. Sasa mmemfunika na nchi yote, ya watu wote, lakini kwao haiko. Huko mbele akiulizwa ametoka wapi, aseme nini?"

Jamani, kuna manung'uniko ya mtu mmoja mmoja na kuna manung'uniko ya umati, na yale ya umati huyasikii kwa masikio, unayasikia tumboni. Vijana wa ukoo wakasimama. Mmoja akasema kitambaa kiondolewe, lakini mzee mmoja wa ukoo akamkatiza: nguo ikishamfunika marehemu haivuliwi, huwezi kumvua mtu mbele ya wageni wake. "Kwanza nani alichora hii?" Halafu nikasikia sauti ya Opere, tamu kama asali, "Si ni duka la Obiero ndilo lilitoa kitambaa? Omera, ndugu yangu Obiero, njoo basi utueleze."

Wakanifungulia njia. Nikatembea. Na badala ya kusema pole mama, nimekosa, basi, nikafungua mdomo nikajitia mtaalamu (meneja alikuwa nyuma yangu, nilitaka asikie): "Mama, kwa kipimo cha ramani kama hii, vijiji vidogo vidogo hupotea."

Yule mzee wa ukoo akaniuliza polepole, "Kidogo kwa nani?"

Nikainamisha kichwa, na kwa kuwa niliinamisha kichwa macho yangu yakaangukia kwenye mshono, pale barabara ya Migori inapoingia upande mmoja na kutokea upande wa pili imeruka kidogo, kama mtu aliyechechemea. Imeruka. Kwa nini iruke, wakati mimi niliihesabu kwa bati na spoku? Zile kingo mbili. Fundi alizikunja ndani. Kulikuwa na ukanda mzima wa nchi, upana wa vidole viwili hivi, kutoka juu mpaka chini, uliokuwa umelala ndani ya mshono gizani, na Kodumo, kama niliichora, ilikuwa humo.

Kama niliichora. Maana sikuwa na hakika. Nakumbuka nilipita Kodumo siku ya mvua, nakumbuka mzee Zakayo mwenyewe alinipa uji nikakaa kwenye kizingiti chake mpaka mvua ikaisha, lakini kuichora? Nilichora vijiji vingi. Ningesema iko halafu isiwepo, basi ningekuwa nimemcheka marehemu mara mbili, na hapo usahau uwakala, usahau duka, hata Homa Bay yenyewe ningeihama.

"Mama," nikasema, "naomba wembe."

"Wembe wa nini?"

"Kwenu kuko hapa ndani. Fundi alikushona."

Watu wakaguna, mmoja akasema huyu amechanganyikiwa, na Opere akacheka kidogo kwa pua. Mama Dorka akaingiza mkono kwenye leso yake, akafungua kifundo, akatoa wembe wa kunyolea wafiwa, akanipa. Akina mama wawili wakanishikia kitambaa huku na huku, nikaanza kukata nyuzi pale kifuani kwa mzee, moja moja, polepole nisitoboe nguo yake, na yule fundi (Mungu amsamehe) alikuwa ameshona mara mbili, kwa hiyo nikakata nyuzi za kwanza, nikaanza tena za pili. Mshono ukaachia kiasi cha kiganja. Nikaufunua.

Kilikuwepo kilima, na kijito chini yake. Na karibu na kijito nukta ya Ijumaa, kibanda kidogo chenye kizingiti nilichokuwa nimekichora kwa madoido, sijui kwa nini, labda kwa sababu ya ule uji, na jina lake limeandikwa kwa mkono wangu: KODUMO.

Yona alilisoma kwa sauti ya kuitisha majina darasani. Mama Dorka hajui kusoma, lakini alikitambua kizingiti. Aliweka kiganja chake juu ya ile nukta, akakiacha pale, akasema, "Ni hapa. Sasa anaweza kwenda." Halafu, mimi niliyekuwa nimekufa nikafufuka, nikasikia wanawake wa Kodumo wakipiga vigelegele, mazishini, pasta amesimama mdomo wazi, na yule mzee wa ukoo akanipiga begani kwa nguvu mpaka tai ikalegea. Machozi yalinitoka na sikuyafuta.

Mngedhani tungezika sasa. Wapi. Mama mmoja akapenya akasema, "Na kwetu sisi, ng'ambo ya kile kijito, si pia tuko ndani ya mshono?" Ikabidi niendelee na wembe juu na chini, vijiji vinatoka kimoja kimoja, kila kimoja kinashangiliwa na watu wake. Mtu wa Kisegi akasema kama ni hivyo na siku yao irekebishwe. Nikatoa penseli yangu ya wino, ile ambayo lazima uilambe ndipo iandike, nikalamba nikaandika, nikalamba nikaandika, wavuvi wa Rusinga wakaninyooshea kisiwa chao mpaka wakaridhika, watu wa Masara wakaniambia daraja gani limevunjika na lori lipite wapi, Wakuria wakaongeza soko zima la ng'ombe ambalo sikuwahi kulisikia, na ulimi wangu ukawa zambarau mpaka kooni. Hakuna mtu kusini yote aliyekosekana pale. Wakaja wenyewe, wakapanga foleni mbele ya jeneza la muuza chumvi aliyewatembelea wote, na nadhani hakuna mazishi ambayo angeyapenda zaidi.

Kisha pasta akapata sauti yake, tukaimba, na tukamteremsha. Ramani ikashuka naye. Nilisimama kwenye ukingo wa kaburi nikiangalia kazi yangu yote, uzi, buluu, nukta, ikipotea chini ya udongo, na hapo ndipo Bwana Wekesa alipokuja kusimama kando yangu.

"Wewe ndiye mwenye ile kitu?"

"Ndiyo, bwana."

"Ilikuwa ya kazi gani?"

"Ilikuwa yako," nikamwambia. "Ilikuwa nikuonyeshe Jumatatu."

Opere alikuwa amesogea upande wa pili, anakohoa akitaka kutambulishwa. Meneja akasema, "Na sasa imekwenda chini. Utafanyaje?"

"Nitachora nyingine. Ile ilikuwa na makosa. Hii wenyewe wameisahihisha, iko hapa," nikajigusa paji la uso, nikiwa nimesahau kwamba vidole vyangu ni vya wino, kwa hiyo nikaongea na meneja nikiwa na doa la zambarau usoni pia.

Bwana Wekesa akaniangalia, akashindwa kujizuia, akacheka. "Mimi nimezunguka Nyanza natafuta mtu anajua wateja wako wapi," akasema. "Leo nimeona wateja wanapanga laini wamwambie mtu kwao ni wapi. Sina haja ya kungoja Jumatatu." Akanipa mkono. Opere alikuwa hapo hapo, alisikia neno kwa neno, na kwa heshima yake nitasema tu kwamba baadaye lori lake nililikodi mimi, na alikuwa dereva mzuri.

Ramani ya pili niliichora haraka, kwenye kitambaa kimoja kipana kisicho na mshono, nikaitundika ukutani dukani uso nje. Jumatatu ya kwanza ya uwakala lori lilitoka limejaa, Jumamosi likarudi tupu, mngeniona natembea barabarani Homa Bay mikono nyuma. Watu walikuja kuitazama hata wasionunua kitu. Kila aliyeingia alifanya jambo lile lile, alitafuta kwao kwanza, akakupata, akatabasamu, ndipo akaomba sabuni.

Jioni moja duka likiwa limejaa wateja, Pilista naye akaja na kikapu chake, akasimama mbele ya ukuta. Sikuwa na wasiwasi. Akatafuta huku, akatafuta kule, akarudi mwanzo. Wateja wakageuka kumtazama. Nikaona bega lake linapanda taratibu, na ndipo nikakumbuka, jamani, nikakumbuka kijiji kimoja kule juu Suna, kwa baba yake, nilikokwenda mara ngapi sijui kabla hawajakubali kunipa mke, kwa mama mkwe wangu, mtu ambaye hata kumtazama usoni siwezi kwa adabu.

"Baba Achieng'," akasema Pilista bila kugeuka, "kwetu kumeshonwa wapi?"

Nililamba penseli mbele ya wote. Na kuanzia siku hiyo nimeapa, na kiapo hicho sijakivunja mpaka leo nikiwa mzee: ramani yoyote nitakayochora, hata iwe ya Mombasa, nukta ya kwanza ni kwa wakwe.